Kibuyu chirizi au ndoo ya koki kwa kunawa mikono chekechea?

Kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kibuyu chirizi kinashinda kwa raha: mtoto anakanyaga kijiti, kamba inavuta dumu la lita 5, nalo linainama, maji yanachuruzika huku akiyasikia. Toboa kwa msumari mwembamba, karibu na mfuniko. Tundu likiwa kubwa, dumu linakauka foleni ikiwa bado nusu.

Ndoo ya lita 20 haijazwi mara kwa mara, ila koki ngumu huwashinda vidole vidogo, tena aliyenawa huishika ileile aliyoifungua na uchafu.

Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, povu linatoka kwa shida. Tia sabuni ya mchaichai kwenye wavu wa vitunguu, uuning'inize: unakwaruza kidogo (wanacheka!), na sabuni haidondoki vumbini. Wasugue wakihesabu hadi 20, wasuuze, wanuse viganja.