"Kipanya hakiumi mama": uzoefu wangu na mafunzo ya kompyuta kwa walimu

Jamani naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mume wangu kaniambia achana nao yatapita, na mi nilitaka yapite kweli, ila kila nikigeukia ubao nasikia minong'ono nyuma yangu, kwa hiyo leo nayasema yote.

Mi ni mwalimu wa jografia, sekondari ya serikali, mkoa wa Morogoro lakini siyo mjini, mjini nafika kwa basi masaa mawili na nusu barabara ikiwa nzuri. Nina miaka 21 kazini. Kipindi tunasoma chuo kompyuta zilikuwa chumba kimoja, mnapanga foleni, zamu yako ikifika umeme umekatika. Kwa hiyo sikujua, na sikuona aibu kutojua maana hakuna aliyewahi kukaa chini akanifundisha.

Kilichonitoa nyumbani ni corona. Shule zilifungwa Machi 2020, kidato cha sita wakarudi Juni mosi, wengine wote wakasubiri mpaka Juni 29. Zaidi ya miezi mitatu hiyo. Nilikuwa na kidato cha nne wanaokwenda kwenye mtihani wa taifa na sikuwa na namba ya simu ya mzazi hata mmoja, wakati mdogo wangu anafundisha shule ya kulipia Dar anatuma notsi na voisi kwenye WhatsApp za wazazi kila asubuhi, watoto wake wanasonga mbele wangu wanachunga mbuzi. Lile jambo sijalisahau. Nikajiapiza nitajifunza hivi vitu hata kama itachukua miaka, na kweli imechukua miaka. Shuleni tuna MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakutana walimu tunapeana mbinu, inasaidia sana kwenye mambo mengine, ila ikifika kwenye kompyuta wote tunamgeukia mwalimu mmoja wa hisabati na yeye anajua kuandika mitihani basi.

Sasa mwaka jana, miezi ya katikati hivi, nikaona tangazo. Mafunzo ya zana za kidijitali na mitandao ya kijamii darasani, Jumamosi mbili, 60,000, chai ipo, cheti kipo. Jina lao sitaji, wenyewe wanajijua. Nilikuwa ndo nimepokea mchezo, nikasema kabla hela haijaingia kwenye mabati wacha nilipe. Na nauli juu, na Jumamosi mbili nimewaacha watoto.

Tulikuwa kama watu 35 ukumbini. Mwezeshaji ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, aliingia moja kwa moja kwenye maikrofoni, shikamoo hakuna, hata habari za asubuhi hakuna, na mle ndani kulikuwa na mwalimu amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ningepaswa kuondoka palepale. Lakini nimelipa, nitaondokaje?

Asubuhi akatufundisha mchezo wa maswali ya Kahoot. Maswali yanatokea kwenye projekta, kila mwanafunzi ameshika simu yake anabonyeza jibu, alama zinapanda. Kizuri sikatai. Nikanyoosha mkono nikamwuliza, mwezeshaji, sisi wa shule za serikali wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, mtoto akikutwa nayo ni kesi mpaka mzazi aitwe, mi darasani nina watoto 73, projekta ni moja ya shule nzima na inakaa ofisini kwa mkuu, hapo nafanyaje? Nimeuliza kwa heshima kabisa. Akajibu, "Mama, hayo ndo mawazo mgando." Akaendelea na mambo yake.

Yani swali langu ndo lilikuwa somo lenyewe! Walimu wengi mle ndani wanatoka shule kama yangu, nusu ya ukumbi walikuwa wanasubiri jibu hilohilo, niliwaona wanavyogeuka. Mtu unafundisha walimu wa Tanzania halafu hujui shule zao zikoje, hela unachukulia nini?

Jumamosi ya pili ndo ikatokea yenyewe. Asubuhi alitufundisha usalama mtandaoni, na hapo kweli alifundisha vizuri, akatuambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo, kwamba picha ya mtu ni taarifa zake binafsi, usimpige picha mwanafunzi ukaiweka Facebook au Instagram bila ridhaa ya mzazi eti kwa sababu tu mmefaulisha. Nimeandika kwenye daftari, ninalo hapa mezani naliangalia. Ridhaa kwanza, nimelipigia mstari chini mara mbili.

Baada ya chai akasema, "Yule mama wa maswali yuko wapi? Njoo mbele utuoneshe." Nikaenda. Akanipa kompyuta yake imeunganishwa na projekta, kazi ni kufungua folda na kuweka picha kwenye slaidi. Mi nimezoea simu, kipanya nilikuwa nimeshika mara chache sana, mshale unakimbia huku na huku, nikibonyeza kinafunguka kitu kingine, na macho yote yako kwenye skrini kubwa. Akachukua maikrofoni akasema, "Kipanya hakiumi mama, kishike tu." Ukumbi ukacheka. Alipoona wanacheka akarudia, safari hii kwa sauti ya kubembeleza kama unavyomwambia mtoto wa chekechea. Nikakiacha nikarudi kukaa. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja.

Ningeweza kulimeza hilo. Nimefundisha vijana miaka yote hii, najua kijana akishika maikrofoni anaweza kuvimba kichwa. Nilishalimeza kabisa, nimechukua cheti, nimepanda basi nimerudi kwangu.

Kama wiki mbili tatu baadaye, nipo Kidato cha Tatu B, naandika ubaoni aina za mmomonyoko wa udongo, nasikia nyuma mtoto anasema polepole, "kipanya hakiumi." Wakacheka. Nikadhani nimesikia vibaya. Kipindi kingine tena. Siku ya tatu ndo mwenzangu ofisini ananiita pembeni ananionesha simu yake, mwalimu umeiona hii? Ni mimi. Sekunde kama 20, nahangaika na kipanya, sauti yake inasikika, wameweka muziki juu na maandishi "TUNAWATOA WALIMU GIZANI" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Wameiposti TikTok kutangazia mafunzo yao ya awamu inayofuata. Wanafunzi shuleni simu hawana lakini nyumbani kaka zao wanazo, imezunguka kijiji kizima. Muuza duka ninakonunua sukari ameiona.

Nikampigia yule mwezeshaji, hapokei. Nikamtumia meseji ya heshima, naomba uitoe. Akasoma, kimya. Nikatuma tena, akaniblok. Nikapiga ofisini kwao, dada aliyepokea akaniambia, "Mama, si ulisaini fomu?" Fomu gani? Kumbe ni karatasi ya mahudhurio, ile tuliyopitishiana tukiwa tunakunywa chai, chini kabisa kuna sentensi ya maandishi madogo kwamba picha zinaweza kutumika kwa matangazo. Nikamwambia dada, asubuhi ileile mlinifundisha nini kuhusu ridhaa? Akasema atamwambia bosi. Mpaka leo.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nimeshaamua: nyota moja, na hiyo moja kwa sababu haiwezekani kuweka sifuri.

Ila nikisema nimepata hasara tupu nitakuwa nimedanganya, na mi sidanganyi. Siku ile niliporudi kukaa na aibu yangu, kuna binti alikuwa msaidizi pale, anagawa daftari na kuunga nyaya, akaja akachuchumaa pembeni ya kiti changu. "Shikamoo mwalimu." Ni mtu wa kwanza kuniamkia kwenye ule ukumbi. Akaniuliza unafundisha somo gani, nikasema jografia, akasema basi mwalimu mi nikuoneshe kitu. Akafungua laptop yake, Google Earth Pro, ile ya kuweka kwenye kompyuta, ni bure toka mwaka 2015. Akanipa kipanya mwenyewe, mkono wake hakuweka juu ya wangu, akasubiri nikosee nirudie.

Jamani. Nimefundisha Bonde la Ufa miaka 21 kwa chaki, nachora mistari miwili nasema hapa pameshuka. Siku ile nimeliona. Ol Doinyo Lengai imesimama peke yake, Ziwa Natron pembeni, ukiinamisha picha unaona ukuta wa bonde unavyopanda, ukisogeza mshale chini pale inakuandikia mwinuko kwa mita. Akanionesha kisaa cha juu ukibonyeza unaona eneo hilohilo miaka ya nyuma, tukaangalia Mtumba Dodoma lilivyokuwa pori na mashamba kabla mji wa serikali haujajengwa. Nikamwambia nipeleke Kondoa, tukayaona makorongo ya mmomonyoko ambayo nayataja kila mwaka na sijawahi kufika.

Na ile ya intaneti ndo ilinimaliza. Akasema mwalimu ukiwa na bando siku moja, pitia maeneo yote unayotaka kufundisha, yasogeze karibu taratibu mpaka picha itulie, kompyuta inayahifadhi, kesho darasani bila intaneti yanafunguka. Yale uliyoyapitia tu, mengine hapana. Nimejaribu, inafanya kazi. Naomba projekta kwa mkuu, nabeba kompyuta ya shule, siku umeme ukiwepo Kidato cha Tatu wanaiona Kondoa. Kuna mtoto hajawahi kujibu swali darasani kwangu toka kidato cha kwanza, siku hiyo alisimama kabisa akauliza, madam, yale makorongo si kama ya kule nyuma kwetu mtoni? Tukatoka na darasa zima kwenda kuyaangalia.

Halafu yule binti akanijibu na swali langu la Jumamosi ya kwanza, lile la mawazo mgando. Akasema kuna kitu kinaitwa Plickers, mwanafunzi hahitaji simu, unaprinti kadi za karatasi zenye alama, mtoto anaigeuza kadi yake herufi ya jibu lake iwe juu, wewe unapita na simu yako moja kama unapiga picha, inasoma darasa zima. Kadi zinaishia 63, mi nina watoto 73, basi kuna meza wanashirikiana wawili kadi moja. Jibu lilikuwepo! Lilikuwa kwenye kichwa cha msaidizi anayeunga nyaya, na mwenye maikrofoni hakulijua au hakutaka kulisema.

Na la corona nalo nimelimaliza, nina kundi la WhatsApp la wazazi sasa, siyo la wanafunzi, la wazazi, natuma voisi fupi na picha ya ubao, na asiye na simu janja kuna jirani yake.

Kwa hiyo nilipofika hapa nikasema basi, niwe muungwana, nyota tatu. Binti apewe tano, bwana apewe sifuri, tugawanye. Elfu sitini yangu nimeipata kwa zile dakika 40 za pembeni ya kiti, na mwalimu wa jografia akiniuliza niende nisiende nilikuwa namwambia nenda, kaa karibu na yule binti.

Nikaiangalia tena ile video kabla ya kumaliza kuandika. Sijui kwa nini naiangalia. Na leo ndo nimeona kitu ambacho sikukiona mwanzo. Imepigwa kutoka upande wa kushoto, chini chini, pale kwenye nyaya. Mwezeshaji mwenyewe anaonekana kwenye video. Mle ukumbini upande ule hakukuwa na mtu mwingine. Aliyeshika simu ni yeye, yule yule binti.

Nimekaa na hilo toka mchana. Najua ametumwa, msaidizi anaambiwa rekodi anarekodi, mshahara wake unatoka kwa yule bwana, na inawezekana alivyokuja kuchuchumaa pale ilikuwa ndo namna yake ya kuniomba radhi. Au hakuwa anajua itapelekwa wapi. Lakini alikuwa na simu mkononi amenielekezea mimi, dakika chache baadaye ananiamkia shikamoo, na hakuniambia. Angeniambia tu mwalimu, nimerekodi, nikifute? Neno moja.

Kwa hiyo nyota sijui. Nimeweka mbili, nimefuta, nimeweka moja, nimeiacha hiyo moja. Namba ya binti ninayo, alinipa siku ile akasema ukikwama nipigie, na nimeshampigia mara mbili akanielekeza vizuri sana kuhusu zile kadi. Kesho nampigia tena, siyo kwa habari ya kadi. Barua ya malalamiko kwa Tume nimeshaiandika kwa mkono, ipo kwenye bahasha, ila nataka nimsikie yeye kwanza kabla sijaituma maana jina lake na yeye litaguswa mle.

Video bado ipo. Mwenye kukutana nayo naomba asiisambaze. Na mwalimu yeyote wa jografia anayetaka ile ya Google Earth bila bando aniambie, nitamwelekeza bure hata kama hajawahi kushika kipanya.