Kamusi ya Kimalei ya PRPM: uzoefu wangu

Kwa Mswahili anayekwenda Malaysia kusoma au kufanya kazi, kamusi ninayompendekezea bila kusita ni PRPM, hazina ya mtandaoni ya Dewan Bahasa dan Pustaka. Huilipii hata senti. Dewan ndicho chombo cha serikali cha lugha, kilianzishwa mwaka 1956, na Kamus Dewan yao, kamusi iliyomo ndani ya PRPM, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1970 chini ya mhariri Teuku Iskandar. Andika neno moja tu, na utaletewa maana zake, visawe, methali, hata namna linavyoandikwa kwa Jawi, yaani kwa herufi za Kiarabu. Kamusi ya Kiingereza nayo imo humo humo.

Kilichonifanya niipende ni kwamba inakwambia neno ni la wapi na linasemwa na nani. Ukiona alama "bp" kwenye maelezo ya neno, hayo ni mazungumzo ya kila siku, usiyaandike kwenye barua ya kazi. "Kl" ni la jimbo la Kelantan. "sl" ni la fasihi ya kale. Mimi niliishi Penang, na huko watu hawasemi Kimalei cha darasani: wewe ni "hang", wao ni "depa", kwenda ni "pi", na sokoni senti kumi ni "kupang" moja, kwa hiyo "lima kupang" ni senti hamsini. Ukikutana na mtu wa Kelantan mambo yanageuka tena. Mimi ni "ambo", nini ni "gapo", na "makan", kula, inakuwa "make". Aliyefundishwa "saya" na "apa" peke yake hapo ataduwaa.

Kabla ya hapo nilitegemea programu moja ya bure ya simu, ambayo jina lake naliacha. Ilichanganya Kimalei cha Malaysia na Kiindonesia bila kusema. Mwenzangu wa kazini aliniandikia habari za "budak" wa jirani yake. Programu ikaniambia ni mtumwa. Kwa Malaysia budak ni mtoto, maana ya mtumwa ndiyo ya Indonesia. Vivyo hivyo "percuma": Malaysia ni bila malipo, Indonesia ni kazi isiyo na faida. "Bure" yetu inabeba zote mbili, wao wamegawana. Kosa la namna hii linaweza kumvunjia mtu heshima, na ndiyo maana nalisema kwa uchungu.

PRPM haimfai anayeanza kutoka sifuri, kwa sababu maelezo ya Kamus Dewan yako kwa Kimalei chenyewe. Jifunze kwanza maneno ya msingi, kisha jifunze kutafuta mzizi. "Menulis" iko chini ya "tulis", "memukul" chini ya "pukul", "menyapu" chini ya "sapu": kiambishi kinapoingia, herufi ya kwanza ya mizizi kama hii, inayoanza kwa t, p au s, inamezwa. Sisi tuliozoea kuvua "anapika" hadi ibaki "pika" tunaizoea haraka.

Misimu ya vijana ni habari nyingine. "Jom" ni twende. "Lepak" ni kukaa kijiweni bila haraka. "Kantoi" ni kubambwa. "Tapau", lililotoka kwa Wachina wa Kikantoni, ni kufungiwa chakula uondoke nacho. Dereva akisema "gostan" anarudi rivasi, na asili yake ni amri ya mabaharia wa Kiingereza. Maneno haya yajifunze kwa watu, na mahali pazuri kuliko pote ni mgahawa wa "mamak", wa Waislamu wenye asili ya India, ambako watu hukaa hadi usiku wa manane. Ukishalisikia neno, rudi PRPM ulitafute kabla hujalitumia mbele ya mkubwa wako. Likiwa halimo kabisa, muulize mwenyeji kwanza.