Kulala Kisumu kwa mara ya kwanza: mjini, Kondele au Milimani?

Kazi yangu ni kuendesha van ya kukodi hapa Nakuru. Safari zangu nyingi za magharibi ni za mazishi na harusi, na siku hizi kuna vyama vya akina mama wanaotaka tu kuliona ziwa kubwa na kula samaki wakilitazama. Wenye safari hunilipia chumba, lakini kukitafuta ni juu yangu. Kwa hivyo Kisumu nimelala karibu kila upande, na juzi nililala Milimani kwenye gesti ambayo nataka kuieleza vizuri. Ila nianze na mitaa, kwa sababu mgeni wa mara ya kwanza huponzwa na mtaa kabla hajaponzwa na chumba.

Watu wetu wakishuka stendi usiku huinua macho, na bango la kwanza la vyumba ndilo hoteli yao. Nawaelewa. Umechoka, begi ni zito, na mwenye chumba anataka shilingi 1,000 tu. Lakini hujanunua usingizi hapo. Kabla ya alfajiri makanga wameshaanza: "Kakamega! Busia! Nairobi, wawili bado!" Hao wawili huitwa mpaka saa moja na nusu. Chumba cha stendi kinamfaa mtu mwenye gari la saa kumi na moja asubuhi, basi.

Mjini kwenyewe, yaani Oginga Odinga Street na mitaa inayoikata, ni jambo jingine. Benki ziko hapo, maduka yako hapo, na kuna hoteli za hadhi kama Imperial na Acacia ambazo mwenye posho ya ofisi atazimudu bila kuuliza mara mbili. Kwa mtu aliyekuja mkutano wa siku moja, mjini panatosha kabisa. Kasoro ni kwamba jioni maduka yakifungwa barabara hupoa haraka, na ukitaka kula nje itabidi upande tuktuk hata hivyo.

Kondele inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Usiku pale chini ya daraja la juu utapata mayai, nyama choma, samaki wa kukaanga, viatu vya mitumba na muziki kutoka kila upande kwa wakati mmoja. Ukipenda mji unaokesha, utafurahi. Na kuna watu ambao Kondele ndiyo mahali pao pa haki: wanaouguza. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko karibu hapo (wazee bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti), na ukiwa na mgonjwa hutaki kuvuka mji kila unapoletewa orodha ya dawa. Wafanyabiashara nao hawana haja ya kwenda mbali, maana soko la Kibuye liko njiani kati ya Kondele na mjini, na siku yake kubwa ni Jumapili. Ila siku za maandamano usilale Kondele. Kukiwa na joto la siasa, barabara hiyo ndiyo huwa ya kwanza kufungwa, na van yangu haina bima ya mawe.

Riat ni mlimani, ukielekea Kakamega. Kutoka kule juu unaliona jiji lote limelala kando ya maji, na jioni upepo ni mtamu. Nimewapeleka maharusi huko na hakuna aliyelalamika. Lakini kama huna gari, kila kijiko cha sukari utakifuata chini. Mgeni wa kwanza anayetaka kuzurura atatumia hela za boda zinazotosha kulipia chumba kizuri zaidi.

Halafu uliza kesho unaelekea wapi. Kama ni Kakamega, Vihiga au Miwani, lala upande wa Mamboleo ili uamke ukiwa umeshauacha msongamano nyuma. Kama ni Bondo au Busia, tafuta kitu upande wa uwanja wa ndege, maana barabara hizo mbili zinaachana Kisian. Na kama umekuja Kisumu kwa ajili ya Kisumu, fanya kama nilivyofanya juzi, nenda Milimani.

Reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na wakoloni wakajitengea sehemu ya karibu na ziwa. Ndiyo maana Milimani hadi leo ina viwanja vipana, miti mikubwa na ua ambao van ya viti 14 inageuka bila kurudi nyuma mara tatu. Nyumba nyingi za zamani zimekuwa gesti. Pana utulivu. Ukitembea kidogo uko kwenye hifadhi ya Impala, ukiendelea unafika Hippo Point, ukiendelea tena uko Dunga kwa wavuvi.

Ila kuna ujanja. Milimani inapakana na Nyalenda, mtaa wa nyumba za bei rahisi zilizobanana, na katikati yao inapita Ring Road. Mwenye gesti iliyo ng'ambo ya Ring Road hataandika Nyalenda kwenye tangazo lake. Ataandika Milimani, na ramani ya simu haitambishia. Nilipomwuliza kijana wa boda njia, jibu lake lilinipa elimu yote niliyohitaji: "Mzee, Milimani ya Dunga ama Milimani ya Ring Road?" Sisemi Nyalenda ni mbaya, kuna watu wangu huko na chakula chao ni rahisi. Nasema tu ukilipa bei ya miti, upate miti. Kabla ya kutuma pesa, mwulize mwenye gesti iko karibu na nini kinachojulikana. Akianza kuzunguka, unajua.

Gesti niliyolala ilikuwa ya Dunga kweli. Bei ilikuwa shilingi 3,800 chumba cha mtu mmoja pamoja na chai ya asubuhi, na 2,000 chumba cha dereva. Hapo kwenye chumba cha dereva ndipo ninapozipimia gesti zote. Mahali pengi dereva hupewa kijumba kando ya jiko, godoro la sponji lililobonyea katikati, balbu moja na msumari wa kutundikia suruali. Halafu huyo mtu ndiye atakayeendesha roho za watu 14 kesho kupitia kona za Kericho! Hapa nilipewa kitanda sawa na cha abiria wangu, shuka zinazonukia jua, na soketi karibu na mto. Kilikuwa kidogo, ndiyo, na dirisha linaangalia tangi la maji. Sikuwa na neno.

Neti nataka niieleze, kwa sababu Wanakuru hatuna mazoea nayo. Sisi tunaishi kwenye urefu wa mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, Kisumu iko kwenye 1,130. Tofauti hiyo ndiyo joto lote unalolisikia ukishuka Ahero na kuanza kuvua sweta, na ndiyo mbu. Ukanda wa ziwa unaongoza nchi nzima kwa malaria. Neti yangu ilikuwa ya pembe nne, imefungwa kwenye fremu ya mbao, na ilifika chini hadi ikaingia chini ya godoro. Upande wa miguuni palikuwa na tundu lililoshonwa kwa uzi wa bluu, mishono midogo ya karibu karibu. Mtu aliyekaa kuishona neti vile hataniwekea kunguni. Neti za duara zinazoning'inia kutoka darini sizipendi, kwa sababu ukigeuka usiku goti linagusa kitambaa, na mbu anakula kutoka nje.

Wadudu wengine utakaowaona ni wale wadogo wa ziwani wanaokuja jioni kama moshi na kujaa kwenye taa. Hawaumi. Mama anayesimamia gesti aliniambia, "Baba, zima hiyo ya nje, watakufuata ndani," na nilipozima wakahamia kwa jirani.

Sasa mabaya. Ilinyesha usiku, ile mvua ya Kisumu inayokuja na radi na upepo wa ziwani, na stima ikapotea. Jenereta iliwaka, lakini kumbe inalisha taa za ukumbini na friji ya jikoni tu. Feni ilisimama. Chumba bila feni Kisumu ni jiko, na dirisha huwezi kulifungua kwa ajili ya mvua. Nililala juu ya shuka nikihesabu magari. Bila stima pampu nayo haikupandisha maji, na akina mama niliowabeba walikuwa wameoga jioni hawakubakiza kitu, kwa hivyo asubuhi shawa ilikohoa ikanyamaza. Niliwasikia kupitia ukuta wakiulizana kama watu wa Nakuru wanajua kuoga kwa kikombe. Haikuchukua muda, yule mama akapita mlango kwa mlango na ndoo za maji moto, akiomba radhi kila mlango, na mume wake nyuma na beseni. Walijitahidi. Lakini kwa 3,800, jenereta iguse feni na tangi liongezwe, na nilimwambia hivyo wakati wa kulipa. Akasema amesikia.

Soja wa usiku ni mzee mmoja makini sana. Nilipoegesha alinijia na tochi: "Mkubwa, igeuze iangalie geti, halafu usiache chochote dashibodi, hata chaja." Alfajiri nikamkuta amefuta vioo, na wala hakuninyooshea mkono. Nilimpa ya chai.

Chai ya asubuhi ilikuwa ya maziwa mengi, mandazi ya moto, mayai, viazi vitamu na parachichi. Kahawa ya unga, iache. Chakula cha jioni wanapika ukiagiza mapema, lakini sioni kwa nini ule ndani ya ua wakati Dunga iko pale. Pale unachagua samaki mwenyewe na bei inaenda na ukubwa, kwa hivyo kubaliana kabla hajaingia kwenye mafuta. Kuna ngege na kuna mbuta. Mimi nachukua ngege wa wastani, akaangwe kwanza kisha apitishwe kwenye mchuzi wa nyanya, na ugali wa unga wa wimbi na muhogo kama upo. Kaa tayari kungoja, saa nzima ni kawaida. Wageni wangu walianza kunung'unika, sahani zilipofika hakuna aliyezungumza tena mpaka mifupa. Rudi kwa tuktuk giza likiingia, usitembee. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hawapishi mtu.

Nakuru ilifanywa jiji Desemba 2021, Kisumu ilitutangulia kwa miaka 20, na kwa upande wa gesti wametuacha kweli. Kwa hela hizohizo kwetu ningepata chumba juu ya baa. Abiria wangu waliiona ghali, hasa mmoja ambaye dada yake aliwahi kulala stendi kwa 800 na akasifu. Nilimwuliza kama dada yake alilala au alijilaza tu, akacheka.

Ningerudi? Ndiyo, na nimeshawaweka watu wengine hapo kwa harusi ijayo. Nilipiga simu mwenyewe badala ya kupitia programu ya simu, nikasema ni kundi, akapunguza hadi 3,300. Nikamwuliza habari ya feni na tangi, akasema tangi la pili limeshapandishwa, feni bado fundi anasumbua. Wewe ukipiga, omba chumba cha nyuma, upande wa mwembe, kwa sababu cha kwanza kulia kimegusana na jenereta.