Sehnsucht ya Rammstein: ununue CD, faili au santuri ukiwa Uganda?

Sehnsucht, albamu ya pili ya Rammstein, bendi ya roki nzito ya Ujerumani, ilirekodiwa Malta, mtayarishaji akiwa Jacob Hellner, ikatoka Agosti 1997. Ina nyimbo 11 zenye dakika 44 hivi, na ndiyo wengi huanza nayo kwa sababu ya "Engel" na "Du hast". Ukiwa Kampala, Jinja au Mbarara unaweza kuipata kwa njia tano, na tofauti ya thamani kati yake ni kubwa. Tunaanza na ile tunayoipendekeza zaidi.

1. CD iliyotumika, toleo la Ulaya

Ilichapwa kwa wingi, kwa hiyo si adimu, na CD haifungwi kwa eneo kama DVD: ya Ujerumani itacheza kwenye pleya yoyote. Baadhi ya matoleo ya Marekani yameongezewa "Engel" na "Du hast" kwa Kiingereza. Hizo ni za kusikiliza mara moja tu; usizilipie zaidi.

Kijitabu chake hukunjuliwa na kutoa majalada sita, kila mwanabendi na uso wake, kazi ya msanii wa Austria Gottfried Helnwein. Kwa hiyo muuzaji akidai nakala yake ni adimu kwa sababu mbele hayupo mwimbaji Till Lindemann, mwombe akikunje upya.

Mwambie akutumie picha za pande zote mbili za sahani. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi hausumbui. Unaofuata mzunguko ndio hatari, kwa kuwa unafuata njia ya mwanga wa kusomea na kuziba data nyingi mfululizo. Mkwaruzo mzito upande wa maandishi ni mbaya kuliko yote, maana tabaka la data liko chini ya rangi tu na halipolishiki. Sahani ya kiwandani ina rangi ya fedha, na kwenye pete ya ndani huwa na namba ya kiwanda, mara nyingi pamoja na herufi IFPI (shirikisho la kampuni za muziki). Ukiona zambarau au kijani, hiyo imechomwa kwenye kompyuta.

Ikifika, ihamishie kwenye kompyuta kwa Exact Audio Copy, programu ya bure ya Windows, ukitumia kisomeo cha CD cha USB. Washa AccurateRip: italinganisha nakala yako na za wengine na kukuonyesha wimbo uliosomwa vibaya. Hifadhi FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza sauti) kwa nyumbani, na MP3 za 320 (kilobiti kwa sekunde) kwa simu na gari.

Kuhusu posta: CD moja na kasha lake ni gramu 100 hivi, ila nauli ya kifurushi kimoja huweza kupita bei ya CD yenyewe. Nunua tatu au nne kwa muuzaji mmoja. Toa anwani ya sanduku la posta, weka risiti tayari kwa forodha, na kumbuka VAT ya 18% ukipiga hesabu. Mwambie muuzaji aichomoe sahani kwenye meno ya kasha kabla ya kufunga, maana meno yakivunjika njiani huikwaruza.

2. Faili za kununua

Hazina posta wala forodha. Albamu nzima kwa MP3 za 320 ni MB 106 hivi. FLAC hukaribia MB 300 au zaidi, kwa sababu muziki wa magitaa mazito yasiyopumua haubanwi sana. Pakua usiku ukiwa na bando la bei nafuu. Kabla ya kujaza flashi ya gari, hakikisha redio inasoma FLAC; nyingi husoma MP3 tu, tena kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32.

3. Kusikiliza mtandaoni

Spotify ilifika Uganda 2021, na Apple Music ipo. Njia hii yafaa kuonja kabla ya kununua. Ukiacha kulipia, nyimbo ulizopakua hazifunguki.

4. Santuri

Tafuta toleo la sahani mbili, kama lile la maadhimisho la 2023. Dakika 44 kwenye sahani moja ni 22 kila upande, na muziki wenye besi nzito namna hii hulazimika kupunguzwa sauti ili mifereji ienee.

Gharama kubwa iko kwenye mashine. Ya zamani kutoka Marekani ni ya volti 120 na hezi 60, umeme wetu ni 240 na 50. Ukiichomeka moja kwa moja, inaungua. Ukitumia transfoma, volti zitashuka lakini hezi zitabaki 50, na mota inayofuata hezi itazungusha santuri mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓: "Du hast" itavuta miguu. Chagua mashine yenye adapta ya volti 100 hadi 240. Sahani zisafirishwe nje ya jalada lake, vinginevyo zitapasua mishono ya ukingoni.

5. Kanda

Ni ya wakusanyaji. Mikanda ya mpira ya redio kaseti za zamani hulegea, na sauti huanza kuyumba.

Vibanda vya kupakia nyimbo kwenye flashi hatuvipangi. Sheria ya hakimiliki ya 2006 hairuhusi kuuza nakala bila idhini, na faili zenyewe mara nyingi ni za 128, matoazi yakisikika kama mafuta yanayokaanga. Kama tayari unayo faili na huiamini, ifungue kwa Spek, programu inayochora masafa ya sauti. Mchoro ukikatika ghafla kwenye kilohezi 16, chanzo chake mara nyingi ni MP3 ya 128, hata kama jina linaishia na FLAC.