Ceza au Sagopa Kajmer: uanze na nani?

Kila akitokea mtu anayetaka kuonja rapu ya Kituruki, ubishi huwa uleule: Ceza au Sagopa Kajmer?

Kwa kasi ya ulimi, Ceza yuko mbele. Bilgin Özçalkan, mzaliwa wa Üsküdar, Istanbul, mwaka 1976, alikuwa fundi umeme kabla muziki haujaanza kumlisha. Alianza na Dr. Fuchs katika kundi la Nefret, kisha akatoa albamu zake Med Cezir (2002) na Rapstar (2004). Hata usipoelewa neno, silabi zake zinapiga kama ngoma. Jina lenyewe husomwa "Jeza", yaani adhabu. Ni ndugu wa "jazaa" yetu, yote yametoka Kiarabu.

Kwa mashairi, moyo wangu uko kwa Sagopa. Yunus Özyavuz, mtoto wa Samsun, alisoma lugha na fasihi ya Kiajemi Chuo Kikuu cha Istanbul, na majonzi ya ushairi ule yamemkaa kooni. Alipitia udijei, hivyo midundo mingi huitengeneza mwenyewe. Tatizo ni kwamba bila tafsiri utamu wake nusu unapotea.



Kama hujui Kituruki na unataka mdundo wa mazoezi au safari, mchukue Ceza. Kama unajifunza lugha, kaa na Sagopa usiku, daftari mkononi. Utakutana na dünya, zaman na kalem, na hutahitaji kamusi.