Steshenari ya Ng'hong'hona iliyochapa bango langu la kaoni

Wiki iliyopita nilihitaji bango la A1 kwa wanafunzi wangu wa fizikia wa kidato cha sita, la kueleza jinsi wanasayansi wanavyotafuta chembe mpya kwa kuchunguza njia adimu ambazo kaoni, chembe ndogo kuliko atomu na isiyodumu, huvunjikia. Nilipeleka kazi hiyo katika steshenari moja ndogo ya Ng'hong'hona, upande wa kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Naandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi wenye kazi zilizojaa alama za hesabu, maana hizo ndizo huharibika zaidi wakati wa kuchapa.

Kiini cha bango ni namba moja. Kwa mujibu wa Modeli Sanifu, yaani nadharia kuu ya chembe za msingi, uwezekano wa kaoni yenye chaji chanya kuvunjika na kutoa chembe nyepesi zaidi, yaani payoni, nyutrino na antinyutrino, ni takriban 8.4 × 10⁻¹¹, yaani kaoni moja kati ya kama bilioni 12. Uadimu huo ndio thamani yake. Kwa kuwa nadharia huikadiria namba hiyo kwa usahihi mkubwa, chembe nzito tusiyoijua, hata ile ambayo mashine za leo haziwezi kuizalisha, ingeweza kuongeza au kupunguza hesabu na hivyo kujifichua. Kaoni zimewahi kutusaidia hivyo: mwaka 1970 wanafizikia Glashow, Iliopoulos na Maiani walitumia uadimu wa baadhi ya mivunjiko yake kueleza kwa nini lazima iwepo aina ya nne ya kwaki, chembe za msingi zinazounda kaoni na protoni, nayo ikathibitishwa mwaka 1974.

Sasa fikirini kipeo hicho, ile ⁻¹¹ ndogo ya juu, kikipoteza alama yake ya hasi.

Ndivyo ilivyotokea. Nilikuwa nimebeba faili la Word kwenye flashi, na kompyuta ya pale haikuwa na fonti niliyotumia. Jambo la kwanza ninalolisifu ni kwamba hawachapi bango kabla ya kutoa nakala ya majaribio ya A4. Dada aliyekuwa kwenye kompyuta aliitazama kabla yangu, akaniuliza, "Mwalimu, hizi namba ndogo huku zimepanda na huku zimeshuka. Zote zilitakiwa ziwe juu?" Zilitakiwa ziwe juu. Nilipokagua zaidi nikaona kwamba sehemu moja ilisomeka 10¹¹, na kwamba kistari cha juu ya alama ya antinyutrino kimegeuka kisanduku kitupu. Wanafunzi wangeyanakili makosa hayo kwenye madaftari yao kama yalivyo. Dada aliketi nami karibu saa nzima, akaandika upya kila kipeo huku tukilinganisha na daftari langu, wala hakuongeza hata shilingi juu ya 15,000 tulizokubaliana.

Rangi hazikuniridhisha kwa kiwango hicho. Nilikuwa na mchoro wa matokeo ya jaribio la NA62 la CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, yaliyotangazwa Septemba 2024: matukio 51, ambapo takriban 18 yanakadiriwa kutokana na michakato mingine inayofanana na ule unaotafutwa. Nilitaka hayo 18 yawe mekundu na mengine ya rangi ya chungwa, lakini kwenye karatasi rangi hizo mbili hazitofautiani ukiwa umbali wa dawati la tatu. Hilo ni pungufu kubwa, kwa sababu somo lenyewe limo humo: kipimo hicho cha 2024 ni takriban 13 × 10⁻¹¹, juu ya makadirio ya nadharia, ila mashaka ya kipimo, takriban 3 kwa vizio hivyohivyo, bado hayaruhusu mtu kudai kwamba chembe mpya imeonekana. Mwanafunzi anapaswa kuiona tahadhari hiyo kwa macho.

Nendeni asubuhi, maana kuanzia saa nane mchana foleni ya wanachuo wenye ripoti za utafiti hufika barazani, na hapo hakuna atakayepata muda wa kukagua vipeo vyenu.

Mwezi ujao nitawapelekea bango la pili, la jaribio la KOTO huko Tokai, Japani, linalotafuta mvunjiko wa kaoni isiyo na chaji ambao makadirio yake ni madogo zaidi, takriban 3 × 10⁻¹¹, na ambao bado haujaonekana. Safari hii nitapeleka PDF, na badala ya rangi ya chungwa nitatumia bluu.