Uzoefu wangu: gereji iliyonisetia Banshee kisha ikaitupa plagi yangu

Nimekaa na jambo hili tangu baridi iliyopita. Nilijizuia kuandika kwa sababu mwenye gereji ni mtu wa kwetu. Sisi Waswahili wa Maskati tunazikana na tunaozeshana, na ukimsema mtu hadharani leo, kesho umekaa naye sinia moja. Kwa hiyo jina lake halitajwi hapa, wala la gereji. Lakini wenye Banshee, ile baiki ya Yamaha ya magurudumu manne yenye silinda mbili, wajue, maana wengi mnapeleka silinda zenu palepale.

Nilipoipeleka ilikuwa kiangazi, jua la kuunguza nyayo. Niliwaeleza kazi ninayoitaka neno kwa neno. "Ami, hii ni ya mchangani, Bidiya. Mbio fupi, kama mita mia moja. Usiku, wakati wa baridi. Nyuma nafunga tairi za makafi." (Ni tairi zenye mapezi ya kuchota mchanga.) Akanijibu, "Tumeelewa, iache hapa." Hakuandika kitu. Wachonge matundu ya silinda, wapunguze nafasi ya silinda hedi ili mgandamizo uongezeke, wafunge ekzosi za mbio nilizozileta mwenyewe, waseti kabureta, wachague sproketi. Pesa nililipa nusu mbele, bila kuomba kupunguziwa.

Siku ya kuichukua nikakuta mbele wamefunga sproketi ya meno 15. Kiwandani inakuja na 14 mbele na 41 nyuma. Nikauliza mbona wamepanda. Fundi akasema, "Si unataka mbio?" Nikanyamaza, lakini moyo haukutulia.

Mbio fupi za mchangani hazihitaji mwendo wa juu kabisa. Zinahitaji injini isitoke kwenye nguvu yake. Injini ya mipigo miwili yenye ekzosi za namna ile haina kitu chini. Nguvu imekaa juu, kuanzia mizunguko elfu nane hivi kwa dakika, na ukibadilisha gia mizunguko ikaanguka chini ya hapo, injini inazama na mwenzako ameshapita. Lami ingekusamehe. Mchanga unashika, na makafi yanazidi kushika, kila gia inakuwa nzito kuliko ulivyozoea. Kwa hiyo unashuka meno mbele au unaongeza nyuma. Jino moja la mbele ni karibu sawa na matatu ya nyuma: 13 kwa 41 inakupa karibu kilekile unachopata kwa 14 kwa 44. Hili ni hesabu ya kugawanya tu, mtoto wa shule anaifanya. Na wao, baada ya kuambiwa mchanga na makafi, wakaenda upande wa pili!

Safari ya kwanza Bidiya ilikuwa aibu. Gia ya pili nzuri, ya tatu nzuri, naingia ya nne, sauti inashuka, baiki inakaa. Nikafunga 14, ikawa afadhali. Nikafunga 13 na hapo ndipo nikaonja kazi waliyofanya kwenye silinda. Nasema haki, ile kazi ya silinda ni ya mtu anayejua. Ilivuta mpaka mikono inauma. Usiku ule ningeulizwa ningesema gereji ile haina mfano Oman nzima, na sproketi ningewasamehe.

Baadaye baridi ikaingia sawasawa. Usiku mmoja, nyuzi kama 14, hewa kavu, tumejipanga watu wengi, taa za Patrol na Land Cruiser zimemulika njia. Nikaondoka na gia ya pili. Kwenye ya nne sauti ikabadilika ikawa nyembamba na kali kuliko kawaida, na nguvu ikapanda kidogo. Wanaojua wanajua kwamba injini hii inakwenda vizuri kuliko siku zote muda mfupi kabla haijafa. Nilishika klachi mara moja. Pistoni ya kulia ilikuwa imeshakamata.

Tulipofungua, ukingo wa pistoni upande wa ekzosi umeliwa. Plagi ya kulia nyeupe kama chaki, dalili ya petroli kuwa pungufu, na juu ya kauri yake vipunje vidogo vya alumini vinang'aa. Ya kushoto nyeupe vilevile, nayo ilikuwa njiani.

Nikaifunga ile plagi kwenye leso nikaipeleka gereji. Sikwenda kugombana, wallahi. Nilikwenda kama mteja mwenye swali.

Mwenye gereji alikuwa anakunywa chai na watu wake. Nikamwonyesha. Hakuishika kwanza, aliitazama kwenye kiganja changu. Kisha akaichukua kwa vidole viwili, akaitupa kwenye pipa la matambara, na akasema, mbele ya watu wote: "Bwana mdogo, mimi sisomi plagi. Mimi nasoma sauti. Wewe umetia mafuta ya 91."

Nilikuwa nimetia 98, yenye okteni ya juu, na risiti ninayo kwenye simu. Nikamwonyesha. Akageuza: "Basi oili yako kidogo. Ongeza oili kwenye petroli."

Hapa ndipo damu ilinipanda, na bado inapanda ninavyoandika. Nachanganya petroli 32 kwa oili 1, oili nzuri, naipima kwa kikombe chenye alama. Ukiongeza oili ndani ya petroli ileile, jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, haijui. Inapitisha kiasi kilekile cha maji maji, lakini ndani yake sasa petroli imepungua, kwa hiyo injini inakauka zaidi. Injini imekufa kwa petroli pungufu, na dawa anayonipa ni kuipunguza tena. Na vijana wale wote wamekaa wanasikiliza, kesho nao watamwambia mteja mwingine hivyohivyo.

Mimi naamini kosa lilikuwa la gereji, na nitasema kwa nini. Waliseti kabureta adhuhuri ya kiangazi, nyuzi 42, na unyevunyevu wa Maskati tunaujua. Hewa ya joto ni nyepesi, na ya unyevu oksijeni yake inapungua zaidi. Jeti ndogo ilitosha hapo, na sauti waliyoisoma ilikuwa sauti nzuri kweli. Usiku wa Bidiya kwa nyuzi 14 hewa inayoingia ni nzito kwa karibu asilimia 10. Kabureta haiongezi petroli kwa kipimo hicho. Ongeza na mgandamizo waliouzidisha wao wenyewe, ongeza na mchanga unaoilazimisha injini kukaa chini ya mzigo, moto lazima uzidi na pistoni lazima iyeyuke. Niliwaambia usiku, niliwaambia baridi, niliwaambia Bidiya. Wangeniambia tu, "Ukifika kule kwenye baridi panda jeti saizi mbili," na wakanipa zile jeti kwenye kikaratasi, leo ningekuwa nawaombea dua. Jeti zenyewe ni za bei ndogo.

Aliyeninusuru ni kijana mmoja wa Ibra, anafanya kazi uani kwao, hana hata kibao mlangoni. Kabla hajagusa kabureta aliziba njia za kuingiza hewa na za ekzosi, akapampu hewa ndani ya injini mpaka pauni 6, tukakaa tunatazama geji. Haikushuka. "Ndugu yangu, injini yako haivuji popote. Hii ni jeti." Akapandisha jeti kuu, akakishusha kiklipu cha sindano ngazi moja ili sindano ipande na petroli iongezeke, akafunga plagi mpya. Akanipeleka njiani: gia ya nne, gesi mkono wote, kisha zima injini na shika klachi kwa pamoja, usiiache ijizungukie. Akazitoa plagi akazitazama kwa tochi. Rangi ya kahawa. Akapanda saizi moja nyingine kwa usalama, akasema afadhali nipoteze kidogo cha nguvu kuliko pistoni.

Nilimuuliza kuhusu methanoli, kwa kuwa gereji ile walikuwa wananisukuma huko, wanasema ndiyo dawa ya joto. Ni kweli inapoza. Lakini kijana aliniambia methanoli inataka zaidi ya mara mbili ya petroli kupita kwenye kabureta, kwa hiyo si jeti tu. Koki ya tangi, mpira na vali ya kabureta vyote vibadilike, au utafika nusu ya njia kabureta ni tupu. Inanyonya maji kutoka hewani, inakula alumini ukiiacha ndani, na ikishika moto mchana huuoni. Oili nayo haichanganyiki kila aina, wengi wanatumia ya mbarika. Gereji hawakunitajia hata moja kati ya hayo. Bei waliitaja.

Sasa hukumu. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema hivi: pelekeni silinda kwao, kabureta msiwaachie. Maana mkono wao kwenye silinda ni mzuri, na Banshee haikuuzwa tena Marekani tangu 2006, silinda nzuri si kitu cha kuchezea, unataka mchongaji wa kuaminika. Nikaona hiyo ni haki kwa pande zote.

Lakini kila nikifika pale kwenye pipa nashindwa. Mtu anayetupa plagi ya mteja bila kuisoma, kesho atatupa na vipimo vya silinda yako ukimwambia havilingani. Fundi asiyeuliza baiki inakwenda wapi na saa ngapi, kuchonga kwake kuzuri kunanisaidia nini mimi? Pistoni nimenunua, silinda ya kulia imebidi isuguliwe, msimu umenipita nusu. Hapana. Msipeleke kitu.

Na mimi seti yangu ya pili ya silinda bado iko kwao, niliiacha ichongwe kabla ya haya yote. Nilikuwa nimekubali waimalize. Wiki hii nakwenda kuichukua ilivyo, na ami akiwa amekaa na watu wake nitasalimia, nitalipa ninachodaiwa, nitaondoka nayo.